Mlango wa Pili wa Bahari: Bandari ya Lamu na Duka la Mweiga

Utangulizi

Mji wa Mweiga uko Kieni, katika Kaunti ya Nyeri, kando ya barabara itokayo Nyeri kuelekea Nyahururu. Upande wa magharibi imesimama safu ya Nyandarua, na upande wa mashariki, ng'ambo ya tambarare, unaonekana Mlima Kenya. Ni mji wa baridi kali ya asubuhi, wa viazi, kabichi, vitunguu na maziwa. Mgeni apitaye hapo hawezi kuwazia kuwa mji huu una uhusiano wowote na bahari. Hata hivyo, akiingia katika duka lolote la rejareja atakutana na bahari kwenye kila rafu: viatu vya plastiki, taa za sola, pampu za maji, spea za pikipiki, nyembe, vyombo vya jikoni, marobota ya mitumba na hata mchele wa Pakistani unaoshindana na ule wa Mwea. Vitu hivi vyote, au malighafi yake, vilivuka maji kabla ya kupanda mlima.

Makala haya yanadhamiria kujadili swali moja: je, mwenye duka wa Mweiga ana haja na bandari nyingine mbali na Mombasa? Yanashikilia kwamba haja hiyo ipo, tena ni kubwa, lakini bandari ya pili haipatikani kwa kujenga gati peke yake. Mlango usiofikika si mlango; ni ukuta uliochorwa mlango. Aidha, makala haya yanatoa hoja kwamba wataalamu na wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao katika jambo hili, ingawa wengi hudhani kuwa ni la wanauchumi na wahandisi peke yao.

Pwani iliyokuwa na milango mingi

Yafaa kukumbuka kuwa hali ya kutegemea mlango mmoja si ya asili katika upwa wa Afrika Mashariki. Katika enzi za majahazi, mfanyabiashara aliyefuata pepo za kaskazi na kurudi na kusi alikuwa na bandari nyingi za kuchagua: Pate, Lamu, Malindi, Mombasa, Vanga, Tanga, Bagamoyo, Kilwa na nyinginezo. Bandari moja ilipoingiwa na vita au ilipopandisha ushuru, nahodha aligeuza tanga na kwenda kwingine. Ushindani huo ndio uliomlinda mfanyabiashara.

Msamiati wa lugha yenyewe unashuhudia ukale wa maisha hayo. Maneno bandari na nahodha yana asili ya Kiajemi, ilhali forodha na shehena yana asili ya Kiarabu. Waswahili waliyachukua maneno haya, wakayapa ngeli na kuyafanya yao, kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa yao.

Kilichobadili hali hii ni reli. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo, bara lote la Kenya likafungwa kwa uzi mmoja kwenye bandari ya Kilindini. Upande wa Tanganyika, Wajerumani walijenga reli kutoka Tanga na nyingine kutoka Dar es Salaam, iliyofika Kigoma mwaka 1914. Bandari zisizopata reli zilififia polepole, Lamu na Bagamoyo zikiwa miongoni mwazo. Hivyo basi, Lamu haikufa kwa kukosa maji ya kina wala mabaharia hodari. Ilififia kwa kukosa njia ya kwenda bara. Funzo hili ndilo msingi wa hoja nzima ya makala haya.

Madhara ya mlango mmoja

Mombasa inastahili sifa zake. Tangu katikati ya miaka ya 2010 bandari hii imekuwa ikihudumia zaidi ya makasha milioni 1 kila mwaka kwa kipimo cha futi 20, na inailisha si Kenya tu bali pia Uganda, Sudan Kusini na sehemu za Rwanda na Kongo. Lakini uzuri wa mlango haufuti hatari ya kuwa na mlango mmoja.

Mfano wa karibu ni matukio ya Januari 2008. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifunga barabara, na reli ikang'olewa mjini Nairobi. Kampala na Kigali zilikosa mafuta, na bei zikapaa. Nchi zisizo na pwani zilijifunza kwa uchungu. Leo sehemu kubwa ya shehena ya Rwanda hupitia Dar es Salaam. Vilevile, mwaka 2016 Uganda iliamua kuwa bomba lake la mafuta ghafi litaelekea Tanga wala si Lamu. Majirani hawa hawakuichukia Mombasa. Walichokataa ni kuwa mateka wa njia moja.

Mkasa wa pili uliwagusa wafanyabiashara wadogo moja kwa moja. Mwanzoni mwa mwaka 2018 treni mpya ya mizigo ilianza kazi kati ya Mombasa na Nairobi, na serikali ikaelekeza kwamba makasha yapelekwe kwa reli hadi bandari kavu ya Embakasi. Mwaka huohuo ulianza msako mkali wa bidhaa bandia na za magendo. Makasha yaliyobeba mizigo ya watu wengi kwa pamoja yalizuiliwa, na kati ya mwaka 2018 na 2019 wafanyabiashara wa Nyamakima jijini Nairobi walilalamika hadharani na kuandamana.

Ifahamike hapa kwamba mfanyabiashara mdogo hana uwezo wa kujaza kasha zima peke yake. Hufuata hekima ya haba na haba hujaza kibaba: huyu huweka robota tatu za viatu, yule katoni kumi za taa, mwingine spea za pikipiki, na wakala mmoja huzikusanya zote katika kasha moja. Utaratibu huu humpunguzia gharama, lakini una kasoro kubwa. Mzigo wa mmoja ukitiliwa shaka, mizigo ya wote hulala, na kila siku kasha linapolala ada huongezeka. Serikali ilikuwa na haki ya kupambana na bidhaa bandia. Hata hivyo, mwenye katoni kumi halali alilipia kosa ambalo hakulitenda. Naye hakuwa na pengine pa kwenda.

Nyamakima, Kamukunji na Gikomba ndizo ghala za Mweiga. Mwenye duka wa Kieni huamka usiku, akapanda matatu hadi Nairobi, akanunua kidogo kwa jumla na kurudi jioni. Kasha linapozuiliwa Embakasi mwezi wa Desemba, viatu vya shule havipatikani Mweiga mwezi wa Januari, au vinapatikana kwa bei ambayo mzazi anayetegemea kuuza viazi haimudu. Mwenye duka naye huenda alikopa chamani, na chama hakimwulizi habari za bandari siku ya marejesho. Wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia.

Ulimwengu nao umetoa mafunzo yake. Mwaka 2002 bandari za pwani ya magharibi ya Marekani zilifungwa kwa siku kumi hivi kutokana na mgogoro kati ya waajiri na wafanyakazi. Kampuni kubwa za biashara ya rejareja ziliona bidhaa zao zikielea baharini wakati msimu wa Krismasi unakaribia. Baada ya hapo baadhi yao zikaanza kugawa shehena zao na kupitisha sehemu katika bandari nyingine, zikiwemo Houston na Savannah. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama katika mfereji wa Suez kwa siku sita. Tangu mwishoni mwa mwaka 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizilazimisha meli nyingi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Kampuni kubwa hukabiliana na misukosuko kama hii kwa kuwa na njia kadhaa. Swali ni iwapo mwenye duka wa Mweiga anaweza kupata kinga hiyohiyo.

Lamu: gati tayari, njia bado

Jibu ambalo Kenya imelitoa ni Lamu. Mradi wa LAPSSET, unaokusudiwa kuunganisha Lamu, Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa tarehe 2 Machi 2012 na Rais Mwai Kibaki, ambaye mwenyewe alikuwa mwana wa Nyeri, akiwa pamoja na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Gati ya kwanza ilifunguliwa rasmi na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 20 Mei 2021. Gati tatu zimekamilika kati ya 23 zilizopangwa, na kina chake cha mita 17.5 kinaweza kupokea meli kubwa sana.

Mtu akiitazama ramani ataona jambo la kushangaza. Kutoka Mombasa hadi Mweiga kupitia Nairobi na Nyeri ni safari ya kati ya kilomita 600 na 700. Kutoka Lamu hadi Mweiga kupitia Garissa, Isiolo, Nanyuki na Nyeri, nayo ni safari ya kati ya kilomita 600 na 700. Kwa Nanyuki, na hata zaidi kwa Isiolo na Meru, Lamu ndiyo iliyo karibu. Kwa mujibu wa ramani, basi, miji ya Mlima Kenya ingepaswa kuwa wateja wa kwanza wa Lamu.

Lakini mfanyabiashara hasafirishi mzigo juu ya ramani. Barabara ya Lamu hadi Garissa imejengwa kwa kusuasua, na usalama wake umekuwa wa mashaka kutokana na mashambulizi ya Al-Shabaab. Wakazi wa Mpeketoni hawajasahau Juni 2014. Dereva anayehitaji msafara wa kulindwa hutoza zaidi, na mwenye bima vilevile. Isitoshe, meli za makasha hufuata ratiba. Meli haiendi mahali kwa kuwa pana kina; huenda kwa kuwa pana mzigo wa kushusha na mzigo wa kupakia. Makasha mengi yaliyoshushwa Lamu yamekuwa ya kuhamishiwa meli nyingine. Mzigo wa aina hiyo huiingizia bandari mapato, lakini hauweki kiatu hata kimoja kwenye rafu ya Mweiga.

Hapa ndipo funzo la historia linaporudi. Lamu ilififia miaka mia moja na ushei iliyopita kwa kukosa njia ya bara. Ikijengewa gati za karne ya 21 bila njia hiyo, itakuwa imerudishiwa ugonjwa uleule kwa gharama kubwa zaidi.

Pingamizi na majibu yake

Wapo wanaosema kuwa Kenya haikuhitaji bandari ya pili kabisa. Hoja yao ni kwamba fedha hizo zingetumika kuiboresha Mombasa, na kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Hoja hii ina uzito na haifai kupuuzwa, hasa katika nchi iliyobeba mzigo mkubwa wa madeni. Hata hivyo, fisi wa methali hakushindwa kwa sababu njia zilikuwa mbili. Alishindwa kwa kutaka kuzifuata zote mbili kwa wakati mmoja. Mwenye busara hufuata moja, akiijua ya pili kwa siku ambayo ya kwanza itazibwa. Tena, fedha za gati tatu zimekwisha kutumika. Swali lililobaki ni kama zitazaa matunda au zitaachwa zioze.

Wengine husema kwamba bandari mbadala kwa mfanyabiashara mdogo ni ndoto, kwa kuwa yeye hachagui bandari; humchagulia mwagizaji wa Nairobi. Ni kweli. Lakini hali hiyo ndiyo inayopaswa kubadilishwa. Endapo mizigo ya pamoja ingeweza kufunguliwa na kukaguliwa Isiolo au Nyeri, wafanyabiashara wa Karatina, Nanyuki, Mweiga na Meru wangeweza kujikusanya na kuagiza wenyewe. Mizigo hiyo ingeweza kuanza kupitia Mombasa leo, na kugeukia Lamu njia itakapofunguka. Hata reli ya zamani ya Nairobi hadi Nanyuki, iliyofufuliwa mwaka 2020 na inayopita Karatina na Kiganjo, ingepata kazi ya maana zaidi.

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo linatoka Lamu yenyewe. Uchimbaji wa bahari uliharibu maeneo ya uvuvi. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mji Mkongwe wa Lamu, ambao umekuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2001, una hofu ya kumezwa na mradi uliotungwa mbali nao. Si haki mtu wa Mweiga apate viatu vya bei nafuu kwa gharama ya mvuvi wa Kiamu kukosa samaki. Bandari ya pili itakuwa halali machoni pa watu pale tu ambapo wenyeji wake watakuwa wenye sehemu ndani yake: fidia iliyolipwa kwa ukamilifu, ajira na mafunzo kwa vijana wao.

Mzigo wa kurudi

Ni dhahiri pia kwamba bandari haiishi kwa kuingiza tu. Kasha lililopanda mlima limejaa na kushuka tupu hulipiwa safari mbili na bidhaa za safari moja, na mlipaji wa mwisho ni mnunuzi wa dukani. Miji ya Mlima Kenya ina la kurudisha. Nyeri ina kahawa na majani chai. Meru na Murang'a zina parachichi. Isiolo ina mifugo. Kwa sasa kahawa ya Nyeri hushukia Mombasa kupitia Nairobi. Sehemu ya shehena hiyo ikielekezwa Lamu, meli itakuwa na sababu ya kutia nanga, na kasha la viatu litapata nauli nafuu. Mwenye duka na mkulima wa Kieni mara nyingi ni mtu mmoja, au ni mume na mke. Si sahihi kupanga uagizaji wa mmoja bila kufikiria uuzaji wa mwingine.

Lugha kama ufunguo

Msomaji wa jarida hili huenda akauliza Kiswahili kinahusikaje. Kinahusika sana. Mfanyabiashara mdogo hutenganishwa na bandari na umbali wa barabara, na pia na umbali wa lugha. Hati ya shehena, fomu za forodha, masharti ya ukaguzi, notisi za ada za ucheleweshaji na kanuni za ubora wa bidhaa kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria. Mwenye duka aliyemaliza darasa la nane hulazimika kumwamini wakala kwa kila neno. Akiambiwa kuwa ada imepanda, hana pa kuthibitisha. Akiambiwa kuwa mzigo umezuiliwa kwa kukosa cheti fulani, hajui kama ni kweli au ni njia ya kumkamua.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inatamka kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Urasmi huu usipoonekana mezani pa forodha, utaonekana wapi? Inasikitisha kwamba lugha iliyolipatia eneo hili maneno bandari, forodha, shehena, bohari na nahodha ndiyo inayokaa nje ya lango la bandari ikisubiri kufasiriwa.

Wako watakaodai kuwa Kiswahili hakina istilahi za kazi hii. Madai hayo hayana mashiko. Makuli, mawakala, madereva na makarani wa Mombasa hufanya kazi hii kwa Kiswahili kila siku. Kinachokosekana ni mtu wa kukusanya maneno yao, kuyalinganisha na yale ya Dar es Salaam na Tanga, na kuyaweka katika mwongozo ambao mtu wa Mweiga anaweza kuusoma. Hiyo ni kazi ya vyama vya Kiswahili vyuoni. Tasnifu moja kuhusu msamiati wa forodha, ikiambatana na kijitabu chepesi cha taratibu za kuagiza bidhaa, ingemfaa mwenye duka kuliko mijadala mingi ya istilahi ambayo haitoki nje ya ukumbi wa semina. Ifahamike, hata hivyo, kuwa kijitabu hakijengi barabara. Kitamwezesha msomaji wake kuuliza, kupinga na kuchagua, na hayo ndiyo mambo ambayo mwenye mlango mmoja hana.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa upwa wa Afrika Mashariki ulikuwa na milango mingi hadi reli ilipoufunga kwenye michache. Kuwa mlango mmoja umewaumiza wafanyabiashara wadogo kwa namna zinazojulikana. Na kuwa Lamu, pamoja na gati zake tatu, bado haijawa mlango kwa miji ya Mlima Kenya. Ili iwe mlango, yahitajika barabara salama ya Lamu, Garissa na Isiolo, ukaguzi wa mizigo midogo karibu na wenye mizigo, shehena ya kurudi kutoka mlimani, haki kwa wavuvi, na nyaraka katika lugha ya watu.

Mombasa itaendelea kuwa lango kuu, na hakuna anayepaswa kuiombea mabaya. Lakini Ngoja ngoja huumiza matumbo, na waliongojea makasha yao mwaka 2018 wanaujua ukweli wa methali hiyo. Siku ambayo mwenye duka wa Mweiga atasikia kwamba njia ya Mombasa imezibwa, akachukua simu na kuuliza bei ya kupitia Lamu, akajibiwa kwa lugha anayoielewa, siku hiyo ndipo itakapofaa kusemwa kuwa Kenya ina bandari mbili.